Hodi Mbili Chini ya Jukwaa

Wiki iliyopita tulimwacha Pengo ndani ya chumba kidogo cha kituo cha televisheni, mlango umerudishwa, macho yamemtoka, akijitazama kwenye kioo cha kompyuta amekufa.

Kama hukuwa nasi, usihangaike. Pengo yu hai. Ana miaka hamsini na minane, na lile pengo la meno mawili ya mbele ndilo lililompa jina na ugali wa maisha yake. Miaka kumi na miwili aliwachekesha watu jukwaani, kisha runinga ikamchukua, kisha sinema. Jumapili ile, saa tisa alasiri, alikuwa anarudi jukwaani kusherehekea miaka thelathini ya kazi, na televisheni ingeonyesha moja kwa moja. Asubuhi alipita kituoni kuchagua picha zake za zamani. Akafungua faili lenye jina lake.

Halikuwa faili la picha za zamani.

Uso wake ulijaa kioo kizima, rangi zimeondolewa, kinanda kinalia polepole. Chini ya uso palikuwa na miaka miwili. Wa kwanza ni mwaka aliozaliwa. Wa pili ni mwaka huu.

Kisha akatokea Nguzo, mwenzake wa zamani wa jukwaani, macho mekundu.

"Alikuwa ndugu yangu," Nguzo akasema. "Alianguka akifanya kazi aliyoipenda. Hakuamka tena."

Mlango ukafunguliwa. Mhariri wa picha akaingia na kikombe cha chai, akaganda.

"Mzee, hiyo hukutakiwa kuiona."

"Nimeshaiona. Nimekufa lini?"

"Hujafa, mzee."

"Asante kwa taarifa."

Mhariri akavuta kiti. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vipande vya biskuti kwenye shati. "Tunawafanyia wote. Kila mtu maarufu aliyevuka miaka hamsini na mitano tunamwandalia taazia mapema. Mtu akifa ghafla hatuwezi kuanza kukimbizana na wafiwa mitaani. Tunawarekodi mapema, tunaweka. Ni kazi tu."

"Na mwaka wa kufa?"

"Huwa tunauacha wazi."

"Huu haukuachwa wazi."

Mhariri akainama kwenye kioo. Kikombe kikatua mezani polepole sana.

"Mzee," akasema, "mimi sikuuandika."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Mwongozaji, Miwani. Na yeyote anayekuja naye."

Pengo akasimama.

Lililomtisha halikuwa ule mwaka. Lilikuwa lile neno: alianguka.

Maana anguko ndilo lililomfanya Pengo awe Pengo. Anapanda ngazi ya mbao ya vidato kumi kubadilisha balbu. Anagombana na balbu. Anaitukana, anaibembeleza, anaitongoza. Kisha anaanguka kinyumenyume, amenyooka kama ubao, na pale chini sakafu inafunguka, inammeza, inabaki ndala moja tu juu ya jukwaa. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko mpaka wanashikana mabega.

Siri yake ni hii. Chini ya ule mlango wa sakafuni kuna magodoro matatu. Pengo hatazami nyuma, kwa sababu akitazama tu, kichekesho kimekufa. Anangoja hodi. Mtu aliye chini anagonga sakafu kwa fimbo mara mbili: magodoro yapo, komeo limefunguliwa, njoo. Hodi moja: subiri. Kimya: usithubutu.

Mtu wa fimbo alikuwa Nguzo. Runingani walimkata Pengo vipande vipande kwa kamera, akawa anaangukia kochi. Kwenye sinema walimletea kijana wa kuanguka badala yake, na hakucheka mtu. Anguko la kweli hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na minane. Leo ndiyo siku yake.

Akaondoka kituoni bila picha hata moja.

*

Siku hizi Nguzo ni kinyozi. Kibanda chake kiko mitaa miwili kutoka ukumbini: viti viwili, kioo kimoja chenye ufa. Alikuwa peke yake, ananoa wembe.

"Keti," akasema bila kugeuka.

"Sikuja kunyolewa."

"Utapanda jukwaani na hizo ndevu kama fagio la choo? Keti."

Pengo akaketi. Shuka ikamzunguka shingoni, povu likapakwa. Wembe ukaanza chini ya sikio.

"Umenililia vizuri," akasema Pengo.

Wembe ukasimama, juu kidogo ya koromeo.

"Umeiona."

"Nimeiona. Ulijifunza wapi kulia? Miaka kumi na miwili tuko pamoja, hata kutabasamu sikukuona."

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wewe uwe mjinga, mimi nikutazame." Wembe ukaendelea. "Usiongee sana, nitakukata."

"Ulijuaje nitaanguka?"

"Sikujua chochote. Nilipewa karatasi nisome, nikasoma."

"Nani alikupa?"

"Miwani. Imechapwa kwa mashine, haina mwandiko wa mtu."

"Na machozi, nayo yalichapwa?"

Nguzo akapangusa wembe kwenye taulo, upande huu, upande ule.

"Machozi yalikuwa yangu. Lakini usivimbe kichwa. Sikumlilia huyu aliyeketi hapa. Nilimlilia yule aliyeniaga kwamba anakwenda runingani wiki moja, kisha ataniletea gari na mimi nifuate. Lile gari nalingoja mwaka wa kumi na nane sasa. Labda limepata pancha."

Pengo alijua habari ya lile gari, miaka yote alijua, ndiyo maana alikuwa hapiti mtaa huu.

"Nguzo. Unataka niumie?"

"Wembe uko shingoni mwako muda wote huu," akasema Nguzo, "na wewe umefumba macho. Jiulize mwenyewe."

Pengo akafumbua macho. Ni kweli, alikuwa amefumba.

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu," Nguzo akasema huku akimfuta povu. "Mimi si nguo yako tena. Ulinivaa, ukanivua."

"Leo utakuja kugonga?"

"Nimesema nitakuja. Hodi mbili, magodoro yapo. Nikigonga moja au nikinyamaza, shuka kwa miguu yako."

"Sijawahi kushuka ile ngazi kwa miguu."

"Basi utajifunza uzeeni."

*

Saa nane Pengo alikuwa ukumbini. Kabla ya kusalimia mtu alishuka chini ya jukwaa kwa ngazi ya nyuma, tochi mkononi. Sakafu ya saruji, vumbi, viti vilivyovunjika. Na magodoro matatu, moja juu ya jingine, sawasawa chini ya mlango. Akayabonyeza kwa viganja. Akayakalia. Akaangalia komeo. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Akapanda akaingia chumba cha kuvalia, moyo umetulia kidogo.

Binti yake alikuwa anamngoja. Ndiye mshonaji wa mavazi yake, tangu runinga mpaka leo, na ndiye mtu pekee aliyebaki nyumbani kwake. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mkimya, tepu ya manjano ya kupimia imening'inia shingoni usiku na mchana kama mkufu. Alikulia ukumbi huu. Alipokuwa mdogo alikuwa analala juu ya magodoro yale yale, mama yake yuko mlangoni anakata tiketi, baba yake yuko juu anachekesha.

"Shikamoo, Baba. Simama hapa."

"Marahaba." Akasimama. Binti akaanza kubana koti bovu la mchezo kwa pini.

Nyuma ya mlango ilining'inia suti mpya. Nyeusi.

"Ile ya nani?"

"Yako. Ya baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baada ya onyesho. Wageni watakuja kukusalimu. Utawapokea na koti lililotoka viwiko?"

"Mbona nyeusi?"

"Nyeusi haionyeshi uchafu."

Pengo akamsimulia habari ya taazia, ule mwaka, maneno ya Nguzo. Alitegemea binti ashtuke. Sindano haikusimama.

"Wanamfanyia kila mtu, Baba."

"Ndivyo walivyoniambia."

"Basi." Akahama upande wa mgongo, mahali Pengo asipomwona. "Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," binti akarudia, pini zimebanwa midomoni. "Mama alikufa tarehe kumi na tisa."

"Nakumbuka, mwanangu."

"Umekumbuka sasa hivi nilipokwambia. Si kitu, watu husahau." Sindano ikaingia, ikatoka. "Siku ile ulianguka mara mbili. Saa nane na saa kumi na moja. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa kwenye benchi la hospitali nahesabu. Sasa amepanda. Sasa amegongewa. Sasa ameanguka. Mama alikuwa anauliza, amefika? Namwambia yuko ngazini, Mama. Akauliza tena, amefika? Nikamwambia bado yuko ngazini."

"Watu walikuwa wameshaingia ukumbini."

"Najua. Walicheka sana siku ile. Baba Mdogo aliniambia."

Alimwita Nguzo Baba Mdogo tangu akiwa mtoto. Pengo akageuka kutaka kumshika mkono, pini ikamchoma ubavuni.

"Tulia, Baba. Utaharibu."

Mlango ukasukumwa. Miwani, mwongozaji, akaingiza kichwa. Ana miwani ya duara ambayo taa huipiga mpaka huyaoni macho yake.

"Mzee, nusu saa. Kamera moja nimeifunga juu kabisa darini. Ukianguka leo, sitaki kupoteza hata ukucha."

"Ukucha utaupata."

"Anguka vizuri tu." Akacheka, akaenda zake.

Pengo akasikiliza viatu vyake mpaka vikapotea. Kisha akanong'ona. "Mwanangu, nisikilize. Baba Mdogo wako akifika, mpeleke chini wewe mwenyewe. Mkabidhi fimbo. Mtu mwingine yeyote asishuke. Hata Miwani."

"Nitashughulika nalo mwenyewe," akasema binti.

Akakata uzi kwa meno.

*

Saa tisa na dakika ishirini ukumbi ulikuwa umejaa mpaka kwenye vijia. Pengo alitokea tu, kabla hajasema neno, watu wakaanza kucheka. Akajikwaa kwenye kivuli chake. Wakalia. Akaiomba radhi ngazi kwa kuichelewesha miaka kumi na minane. Wakapigana makofi ya migongoni.

Akapanda. Kidato cha kwanza, cha tatu, cha saba. Akafika juu, akaishika balbu.

"Wewe," akaiambia, "nimekuoa mwaka gani vile?"

Kicheko kikapiga ukuta kikarudi. Juu darini taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa inamtazama. Akageuka, akaupa mlango wa sakafuni mgongo. Akasikiliza.

Ko. Ko.

Hodi mbili. Safi, zimelingana, kama zamani. Pengo akahisi miaka kumi na minane inamtoka mabegani. Nguzo amekuja. Nguzo amesamehe. Akatanua mikono, akafumba macho, visigino vikaanza kuacha kidato.

Sijui ni nini kilichomfanya afumbue. Labda ni maneno ya kinyozi. Akafumbua, akatazama mbele, safu ya kwanza, viti vya wageni wa heshima.

Nguzo alikuwa ameketi pale, amevaa tai, anapiga makofi.

Pengo akaidaka ngazi kwa mikono miwili. Ngazi ikayumba. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Kama Nguzo yuko pale, chini kuna nani?

Ko. Ko. Sasa kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyechoka kungoja mlangoni.

"Subirini," akasema Pengo. "Subirini kwanza. Jamani, huu si mchezo."

Wakacheka.

"Chini pale kuna mtu nisiyemjua."

Wakacheka mpaka mama mmoja akatolewa nje kwa kukosa pumzi. Hapo Pengo akaelewa kitu ambacho katika miaka thelathini hakikumpitia kichwani. Amewafundisha watu hawa vizuri mno. Hata akisema anakufa, watashangilia.

"Nguzo," akaita. "Unafanya nini hapo?"

Nguzo akatazama kulia na kushoto, akadhani ni sehemu ya onyesho. Akasimama nusu.

"Si umesema mwenyewe nikae mbele? Miaka kumi na miwili niko chini yako, sijawahi kuliona anguko lako hata siku moja. Nimeambiwa leo unataka nilione."

"Nani kakwambia?"

Nguzo akajibu. Midomo yake ilicheza, lakini jibu lilimezwa na kelele, maana ukumbi mzima ulikuwa umeanza kuimba, miguu inapiga sakafu: anguka, anguka, anguka. Uso wa Nguzo tu ndio uliobadilika. Alimwona Pengo jinsi alivyoishika ngazi. Alijua namna Pengo anavyoigiza woga, na huu haukuwa ule. Akatikisa kichwa polepole, mara moja, kama hodi moja.

Pengo akashusha mguu.

Kidato cha tisa. Cha nane. Wakaendelea kucheka. Cha saba, cha sita. Vicheko vikaanza kupwaya. Alipofika cha tatu watu walikuwa wanaulizana. Alipokanyaga sakafu, kwa miguu yake miwili, ukumbi ulinyamaza. Hakuwahi kuusikia ukimya huo tangu aanze kazi. Ulimwingia mifupani.

Akazunguka ngazi. Kwa ncha ya ndala akabonyeza mlango wa sakafuni.

Ukafunguka. Komeo lilikuwa wazi kweli.

Chini hapakuwa na mtu. Saruji tupu, nyeupe chini ya taa za jukwaa. Magodoro matatu yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamepangwa vizuri, kingo zimelingana. Fimbo ililazwa chini. Na juu ya fimbo, imejikunja kama nyoka aliyelala, tepu ya manjano ya kupimia.

Miwani alikuwa ameshakata kwenda matangazo. Alikuja mbio jukwaani, anahema.

"Umeniua, mzee. Umeniua mbele ya watu wote."

Pengo alimshika shati. "Yale maneno. Kwenye taazia. Alianguka, hakuamka. Uliyaandika lini?"

"Maneno gani? Sisi hatuandiki maneno." Miwani alivua miwani, na kwa mara ya kwanza Pengo akayaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu aliyeshangaa tu. "Ule ni utaratibu wetu, mzee, tunaogopa kesi. Maneno yote ya taazia huandikwa na familia. Mwaka pia ni familia wanaotupa. Tulipokea kwenu mwezi uliopita."

Familia.

Pengo alimwachia shati. Hakuhitaji kuhesabu familia yake. Ilikuwa ya mtu mmoja.

Akageuka. Kando ya jukwaa, kwenye kivuli cha pazia, binti yake alikuwa amesimama na ile suti nyeusi mkononi, kwenye hanga yake, imepigwa pasi. Vumbi jeupe la saruji lilikuwa kwenye magoti yake. Shingoni hakuwa na kitu.

Hakukimbia. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ile ile anayoulizia kila asubuhi kama chai imekolea.

"Baba, mbona hukuanguka?"